Mbu wako ni dume au jike? Kwa mnaoanza postdoki (utafiti wa baada ya PhD) za jenomu, yaani DNA yote, za wadudu

Jana jioni nimeletewa PCA tena, ule mchoro unaoweka karibu sampuli ambazo DNA zao zinafanana. Kijana ana wiki tatu tu kazini, kaja na laptopu mkononi uso unang'aa, vikundi viwili vimeachana vizuri kabisa, ananiambia dada hizi ni spishi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzitenganisha. Nikamuuliza swali moja tu, hapa dume ni yupi na jike ni yupi. Hakujua. Tukaitoa kromosomu X kwenye faili, tukarun upya, vikundi vikayeyuka vikawa kimoja, kumbe vilikuwa dume na jike tu. Huyu ni wa tatu ndani ya miaka miwili na wote watatu wana vichwa vizuri, kodi za kompyuta wanaandika haraka kuliko mimi, na wote wamepita palepale nilipoumia mimi. Nawapenda kwa hiyo nawaandikia, na kama naonekana mkali mnivumilie.

1. Kuomba nafasi. Usitume barua ileile uliyotuma kwa watu wa saratani ukabadilisha neno moja. Chukua pepa moja ya hiyo grupu, shusha data yao, rudia figa moja, halafu kwenye barua sema umepata nini na umekwama wapi. Na kwenye intavyuu uliza hivi bila aibu: sampuli zimeshasomwa DNA au bado ziko kwenye frija ndani ya ethanoli? Maana mkataba ni miaka miwili, na kama wadudu wanatoka nchi nyingine kuna vibali vya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kutumia viumbe vya nchi nyingine, tangu 2014, ukikuta havijakamilika mwaka wa kwanza unaisha unaandika barua pepe tu.

2. Klasta, yaani kompyuta nyingi za pamoja. Usirun kitu kwenye nodi ya login, ile mashine ya kuingilia tu, utafungia njia watu wote. Anza na kromosomu moja, ikipita ndio urun zote. Na memori usikopi kutoka skripti ya jirani yako, wadudu hawalingani, yule inzi mdogo wa Antaktika, Belgica antarctica, jenomu yake ni herufi za DNA milioni 99 hivi, nzige Locusta migratoria ni kama bilioni 6.5. Skripti iliyomtosha inzi itakufa kwa nzige saa nane usiku na wewe umelala.

3. Jinsia, na hapa nitakaa sana.

Nilipopata postdoki yangu ya kwanza nilikabidhiwa mbu 192, Anopheles gambiae, pleti mbili, sahani za plastiki za vishimo 96, kila mbu na kishimo chake. Nusu wa bara, nusu wa kisiwani. Walikusanywa wakiwa viluwiluwi, watu wameinama kwenye vidimbwi na kata asubuhi hadi jioni, wakalelewa mpaka wakawa mbu kamili, kila mmoja akaandikwa kwenye daftari: tarehe, kidimbwi, dume au jike. Ukimwangalia mbu kwa lenzi jinsia ni rahisi, dume ana vipapasio vyenye manyoya mengi kama brashi ya kuoshea chupa, jike ana vichache. Kwa hiyo hiyo kolamu ya jinsia ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimi niliifuta kwenye jedwali langu kwa sababu sikuona naihitajia kwa lipi, swali langu lilikuwa ni la kuhama, sio la jinsia.

PCA ikatoka na vikundi viwili safi, lakini kila kikundi kina rangi zote mbili, nusu bara nusu kisiwa. FST, kipimo cha tofauti ya DNA kati ya makundi mawili, kati ya bara na kisiwa ikawa karibu na sifuri. Mwili wote ulinisisimka. Nikaona mbu wanavuka bahari kwa wingi, wanachanganyika. Na wala halikuwa wazo la ajabu, mwaka huo huo 2019 ilikuwa imetoka kazi ya Sahel ya mbu wa malaria walionaswa kwenye nyavu zilizoinuliwa kwa puto, mita 40 hadi 290 juu ya ardhi, wanasafiri na upepo usiku. Kwa hiyo nikawa na data, nikawa na mekanizimu, nikaandika. Miezi tisa. Modeli za demografia, ramani za upepo, figa zenye mishale. Supavaiza akafurahi, drafti ikaenda kwa washirika wote kumi na mmoja.

Sasa angalieni kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote tisa. Kama mbu wanahama na kuzaana, watoto wao wako wapi? Mtoto wa mzazi wa bara na mzazi wa kisiwani anatakiwa akae katikati ya vile vikundi. Katikati palikuwa peupe. Hapakuwa na doti hata moja! Nilipaona, nakumbuka kabisa nilipaona, nikajiambia labda wamefika kizazi hiki hiki tu.

Aliyegundua ni mwanafunzi wa masters aliyekuwa anafanya kazi ya kromosomu Y, akaniomba listi ya madume. Nikaenda kuichukua ile kolamu niliyoitupa, nikampa. Baada ya siku mbili akanifuata taratibu, sauti ya chini, "Dada, samahani, mbona hawa jike wako X yao ni nusu?" Jike ana X mbili, kwa hiyo kavareji ya X, yaani imesomwa mara ngapi, inalingana na ya kromosomu 2 na 3. Dume ana X moja tu, kavareji inashuka nusu, ni hesabu ya dakika kumi. Tukakaa tukapanga wote 192. Pleti ya kwanza, daftari na DNA vinakubaliana kishimo kwa kishimo. Pleti ya pili ni kama mtu amerusha sarafu.

Nilijua kabla sijamaliza kuangalia. Pleti ya pili iligeuzwa. Mahali fulani kati ya maabara na mashine mtu aliiweka kichwa chini, kishimo cha kona ya kwanza, A1, kikawa cha mwisho, H12, na kwa mpangilio wetu safu 1 hadi 6 zilikuwa bara na 7 hadi 12 kisiwa, kwa hiyo kila mbu wa bara akapewa jina la kisiwa na wa kisiwa la bara. Nikageuza majina kwenye faili, mstari mmoja wa kodi, jinsia zote 96 zikakaa mahali pake. PCA ikawa kikundi kimoja bara, kikundi kimoja kisiwa, na FST ikapanda. Hakuna wa kuvuka. Matokeo yangu yalikuwa kinyume kabisa cha ukweli.

Nililia chooni, halafu nikaenda kwa supavaiza. Alinyamaza muda mrefu akasema, tuanze kumwandikia nani. Nikaandika barua pepe kumi na moja, moja moja, kwa mkono wangu. Ngumu kuliko zote ilikuwa ya yule mama aliyesimamia ukusanyaji, maana daftari lake lilikuwa sahihi kuanzia ukurasa wa kwanza, ni mimi sikulisoma. Alijibu kwa kunitumia picha za kurasa zote, kila pleti imechorwa na kona imekatwa alama.

Kwa hiyo pigeni kavareji ya kromosomu ya jinsia KABLA ya PCA, kabla ya mti wa ukoo wa spishi, kabla ya chochote. Na mjue mdudu wenu: kipepeo jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, ZW, nyuki dume ana seti moja tu ya kromosomu, ukimwona dume wa nyuki ana heterozaigoti nyingi, yaani sehemu zenye herufi mbili tofauti, basi mara nyingi ama sampuli zimechanganyika ama jeni mbili zimelundikwa pamoja.

4. Uchafuzi. Ukisaga mdudu mzima unasoma mdudu pamoja na bakteria wake, kuvu, chakula cha jana na vimelea vyake. Kila mwaka kuna mtu anakuja na "jeni iliyohamia kutoka bakteria". Inawezekana kweli, baadhi ya inzi Drosophila ananassae wana karibu jenomu nzima ya bakteria Wolbachia ndani ya kromosomu zao, ilionyeshwa 2007, na vidukari wana jeni za karotenoidi, rangi kama ile ya karoti, zilizotoka kwa kuvu. Lakini mwaka 2015 kuna timu ilitangaza kwamba karibu jeni moja kati ya sita za tardigredi, kijinyama kidogo sana ambacho hata si mdudu, ni za kigeni, na haukupita muda timu nyingine ikaonyesha nyingi ni uchafuzi tu. Angalia kavareji, angalia kama jeni za pembeni yake kwenye kipande hicho hicho ni za mdudu.

5. Miti. Butstrapu 100, ile alama ya kila tawi, inasema data yako ukiichanganya upya chini ya modeli yako inatoa tawi lilelile, basi, haisemi tawi ni la kweli. Strepsiptera, wadudu wadogo wanaoishi ndani ya wadudu wengine, waliwekwa karibu na nzi kwa miaka na miaka kwa sababu matawi marefu yanavutana, yaani waliobadilika haraka wanawekwa pamoja kimakosa, hadi jenomu zilipokuja 2012 zikawarudisha kwa mbawakawa.

6. Majina kwenye pepa zungumzeni mwezi wa kwanza, kwa maandishi. Na aliyeingia kwenye vidimbwi awemo.

Yule kijana wa jana nimemwachia kazi ya kupiga kavareji ya X kwa sampuli zake zote. Saa sita usiku kanitumia figa, doti tatu zimekaa upande usio wao, zote za pleti moja, safu moja. Nimemwambia asiguse kodi, kesho asubuhi aje na daftari la maabara tufungue frija pamoja.