Friji la bure kwa jirani: ligawe bila kuacha lawama

Habari dada. Umeuliza ugaweje friji, kitanda cha mtoto na nguo kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, maana mara ya mwisho watu watano waliandika "nakuja" na hakuna aliyefika.

Usimpe wa kwanza kuandika. Anayewahi kujibu mara nyingi hajafikiria usafiri. Weka picha, hata ya ubavu wenye kutu, andika vipimo, ghorofa ya ngapi, na kwamba mchukuaji ndiye anayelipia kirikuu, kile kigari cha mizigo. Subiri hadi jioni, kisha chagua anayetaja siku na saa, na uwe na wa akiba.

Friji ndilo lenye mtego. Lizime siku moja kabla, mlango wazi, barafu iyeyuke yote. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango uivute: ikitoka kirahisi, mpira umelegea, na mchukuaji aambiwe. Lisafirishwe likiwa wima. Likilazwa, oili ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, huingia kwenye mabomba ya gesi, kwa hiyo lisimamishwe saa 24 kabla ya kuwashwa. Wengi huliwasha papo hapo, kompresa inakufa, na lawama zinakurudia wewe uliyetoa kwa moyo mweupe.

Kitandani pima nafasi kati ya vijiti. Ikizidi sentimita 6, mtoto anaweza kupenya akanasa kichwa, usikigawe. Skrubu zifunge kwenye mfuko, uubandike kwenye fremu.

Nguo zifue, zipange kwa umri.