Kwa daktari mpya wa idara ya dharura: ulichokiona usiku kifikishe mezani

Karibu. Umeripoti idara ya dharura, labda kama daktari tarajali anayezungushwa idara kwa idara, labda kama mwanafunzi wa uzamili aliyeamua kuifanya tiba ya dharura kuwa kazi ya maisha yake. Ufundi wa mkono utafundishwa: kufungua njia ya hewa, kumwekea kanula mtoto aliyekaukiwa maji, kusoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo), kutoa hewa iliyobana pafu. Walimu wapo. Ninachotaka kukuandikia ni nusu ya pili ya kazi hii, ambayo kwa kawaida daktari huachiwa aiokote mwenyewe njiani: kuongoza watu, na kuwasemea wagonjwa mbele ya wenye uwezo wa kubadilisha mambo.

Nasema nusu kwa sababu naamini hivyo. Sisi ndio tunaoona pale huduma inapokatika. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huletwa akiwa ameshapita zahanati isiyo na dawa na kituo ambacho gari lake ni bovu. Kijana wa bodaboda hufika na kichwa kilichopasuka, na hakuna aliyemshika shingo njia nzima. Wodini watampokea akiwa mgonjwa mmoja mwenye jina na kitanda, lakini wewe wa mapokezi utakuwa umewaona wa namna yake wengi, wakija kwa barabara ileile na kwa kuchelewa kuleile. Ukiyamaliza hayo kwa kusikitika kwenye chumba cha chai, wiki ijayo ataletwa mwingine.

Tazama hata idara unayoingia ilivyopatikana. Kabla ya mwaka 2010, Tanzania haikuwa na idara kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma. Ile ya Muhimbili ilifunguliwa Januari mwaka huo kwa ushirikiano wa Serikali na Abbott Fund, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanzisha masomo ya ubingwa. Mabingwa wa kwanza walihitimu 2013. Chama cha madaktari wa dharura nchini, EMAT, kilianza 2011, na shirikisho la Afrika, AFEM, lilikuwa limeundwa 2009. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotokea bila mtu kukaa mbele ya viongozi na kueleza kwa nini mgonjwa mahututi asipange foleni moja na mwenye mafua. Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kule Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziimarishe huduma za dharura kama sehemu ya afya kwa wote. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2021, Tanzania ilizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, na katika fedha hizo yakajengwa majengo ya dharura na vyumba vya uangalizi maalumu katika hospitali nyingi mikoani. Majengo yamepatikana. Sasa yanahitaji watu wa kuyaongoza, na hospitali nyingi hazina bingwa hata mmoja wa fani hii. Ndiyo maana uongozi utakufikia mapema kuliko unavyodhani, pengine kabla hujazoea hata joho.

Anzia kitandani, maana huko ndiko watu watakapoamua kama wewe ni wa kufuatwa. Mgonjwa mahututi anapoingizwa, kiongozi wa timu asimame miguuni pa kitanda, mikono yake ikiwa huru. Ukishaanza kutafuta mshipa mwenyewe, macho yako yanaishia kwenye mkono wa mgonjwa na hakuna anayeutazama mwili mzima wala saa. Gawa kazi kwa kuita majina. Ukisema “naomba mtu alete adrenalini,” watu wanne watageuka na hakuna atakayekwenda. Mwite muuguzi kwa jina, mwambie dawa, kiasi na njia, naye arudie alichosikia kabla ya kuchoma, kisha aseme akishachoma. Kila baada ya dakika chache tamka kwa sauti mlipofikia: tumefanya hili, bado hili, nafikiri tatizo ni hili. Halafu uliza, “Kuna ninachokisahau?” Ukiuliza, nyamaza na usubiri. Kwetu muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi anaweza kuona kosa la daktari kijana akanyamaza kwa heshima tu, au kwa sababu aliwahi kufokewa na mwingine kabla yako. Mshukuru wazi yule wa kwanza atakayekurekebisha mbele ya watu. Siku hiyohiyo timu nzima itajua kwamba hapa inaruhusiwa kusema.

Na mgonjwa akifariki, usiwaache watu watawanyike kimya. Dakika tano pembeni zinatosha: nini kilikwenda vizuri, nini kilikwama, nani hajisikii sawa. Baada ya tukio kubwa hitaji hilo linaongezeka. Wakumbuke waliopokea majeruhi wa lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ajali iliyoua watu zaidi ya 100. Wahudumu waliobeba siku kama ile hurudi zamu kesho yake, na kiongozi asiyewauliza hali zao atawapoteza mmoja mmoja, wengine wakiwa bado wapo kazini.

Sasa nije kwenye utetezi, ambako naona vijana wengi wenye moyo mzuri wanachoka bure. Wanalalamika kwa ukali, mahali pasipo na mamlaka, katika msimu usio na fedha.

Chukua mfano wa oksijeni. Unajua haitoshi, kila mtu kwenye zamu anajua. Ukisimama ripoti ya asubuhi na kusema “oksijeni ni tatizo kubwa,” mganga mfawidhi atatikisa kichwa na kikao kitaendelea, kwa kuwa hukumpa kitu cha kushika. Fungua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila mgonjwa aliyefika na kiwango cha oksijeni chini ya asilimia 90, alisubiri dakika ngapi kabla ya kuwekewa, na kama alisubiri, kwa nini: mtungi ulikuwa tupu, kipimo cha mtiririko kimeharibika, au ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu aliyekwenda nyumbani? Nisikilize vizuri kwenye hilo la mwisho. Mara nyingi utagundua kwamba kilichoandikwa vichwani mwa watu wote kama upungufu wa mitungi, kwa sehemu ni ufunguo. Hilo unaweza kulimaliza kwa mazungumzo na muuguzi kiongozi, leo, bila shilingi. Linalobaki ndilo la kupeleka juu, nalo litakuwa na uzito kwa sababu umeshaondoa lililo ndani ya uwezo wenu. Takwimu za MTUHA, mfumo wa Serikali wa taarifa za huduma za afya, zitakupa idadi ya wagonjwa na magonjwa yao. Dakika za kusubiri hazimo, lazima uzikusanye mwenyewe.

Kisha andika ukurasa mmoja, usizidi. Tatizo kwa sentensi mbili, hesabu zako, unachoomba kwa jina na idadi, bei yake, na nani atakitunza. Bei usiibahatishe, nenda kwa mfamasia au mtu wa ugavi akuonyeshe inavyopatikana Bohari ya Dawa. Mfahamu pia katibu wa afya wa hospitali yako. Madaktari wengi humpita kwenye korido bila kumsalimia vizuri, ilhali ndiye anayejua mpango wa mwaka umeandikwaje, kasma (fungu la bajeti) ipi ina nafasi, na ombi lako liitwe nini ili lisiondolewe.

Msimu nao una nguvu yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Lakini mipango ya hospitali na halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, kuelekea mwisho wa mwaka. Ukipeleka ombi la mashine mwezi Mei, umeomba kitu ambacho meza imeshafungwa. Lipeleke Oktoba, likumbushe Desemba. Na jambo dogo usilisubirishe mpango wa mwaka: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Mjumbe wa kamati akikaribishwa asubuhi moja kuona watoto wawili wanavyogawana kipimo kimoja cha oksijeni, atalisema jambo hilo kwa namna ambayo wewe mtumishi huwezi. Diwani vilevile.

Kuna utetezi mwingine usiongoja kikao, ule wa mgonjwa aliye mbele yako. Majeruhi analetwa na wasamaria, damu inatoka, na mtu wa dirishani anauliza PF3. Fomu ile ya polisi ina kazi yake halali, kuandika hali ya jeraha kwa ajili ya upelelezi na mahakama. Haizuii damu. Ndugu au askari anaweza kuifuata huku mgonjwa akitibiwa, nawe utaijaza kwa uangalifu ikifika. Hivyo hivyo kwa fedha za kuanzia. Usigombane na mtu wa dirishani, kwani mara nyingi naye anaogopa kuulizwa na mkubwa wake. Zungumzeni mapema, siku tulivu, idara, uhasibu na uongozi, mkubaliane kwa maandishi kwamba mgonjwa wa rangi nyekundu, yaani aliye mahututi, anaingia kwanza na karatasi zinamfuata. Karatasi hiyo ibandikwe dirishani. Siku ya dharura hutahitaji ujasiri wa mtu mmoja.

Wenzetu wa Kenya wana jambo la kutufundisha hapa. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni maneno mazito. Lakini haki hiyo ilibaki na swali moja gumu, nani atailipa hospitali iliyomtibu asiye na kitu? Mwaka 2023 sheria yao mpya ya bima ya afya ikaanzisha mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Kati ya ibara na mfuko ilipita miaka 13. Unapodai haki, dai na mlipaji wake katika barua ileile.

Wala usifikiri suluhisho lazima liwe gari jipya linalong'aa. Mfumo wa m-mama hapa Tanzania unamwezesha mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini kupata usafiri kwa simu ya bure, 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa ndiye anayetumwa. Watu walitazama kilichopo kijijini wakakipangia utaratibu. Natamani siku moja majeruhi wa barabarani naye apangiwe hivyo, na nadhani hoja hiyo inapaswa kutoka kwetu.

Kuhusu vyombo vya habari nitasema kwa ufupi. Mtumishi wa umma ana msemaji wa taasisi, pita kwake. Picha ya mgonjwa isitoke kwenye simu yako kwenda kundi lolote la WhatsApp, hata ukiwa na nia ya kuonyesha shida. Hadhi yake ni yake.

Jiunge na EMAT mapema, ukiwa bado tarajali, kwa sababu hoja ya hospitali moja hupuuzwa kirahisi kuliko hoja ya hospitali kumi zenye hesabu zinazofanana. Omba kozi ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, kisha ombeni ruhusa muipeleke kwenye vituo vinavyowaletea rufaa. Ukimfundisha mganga wa kituo cha afya kusimamisha damu na kupiga simu kabla ya kutuma mgonjwa, umepata mshirika wa kudumu kule wanakotoka wagonjwa wako.

Na weka faili. Barua ulizopeleka, tarehe, nani alizipokea, alijibu nini, hesabu za kila mwezi. Utahamishwa, kama tunavyohamishwa sote, na ombi lililobaki kichwani mwako litaondoka nawe. Siku ya kukabidhi ofisi, kaa na anayekupokea, mfungulie faili hilo, na mwonyeshe barua ipi inasubiri jibu na ni kwa nani atakwenda kuiulizia Oktoba.