Usimkataze mavyaa wako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza umwachie mavyaa wako ambembeleze mtoto kwa ule wimbo wa Kibengali, maana mumeo alipokufasiria ukakuta ni wavamizi na kodi. Mtoto wa miezi minne na kodi, wapi na wapi.

Wimbo huo naujua. Nilipokuwa nasoma Kolkata, mama mwenye nyumba alikuwa akiuimba kila magharibi, mjukuu kamlaza miguuni. Maneno yake ni haya: mtoto amelala, mtaa umetulia, Borgi wameingia nchini. Bulbuli, jamaa za shorewanda wetu, wamekula mpunga, kodi tuilipe na nini?

Borgi si mazimwi. Walikuwa wapanda farasi wa Maratha, dola ya magharibi mwa India, walioanza kuivamia Bengali miaka ya 1740, enzi za mtawala wake, Nawabu Alivardi Khan. Walichoma vijiji na kupora, mpaka 1751 nawabu alipokubali kuwalipa rupia 1,200,000 kila mwaka. Mkulima kabanwa, huku farasi, huku mtoza kodi, na ndege nao juu yake. Angemlalamikia nani? Mimi naona ndiyo maana kilio kikaishia sikioni mwa mtoto.

Mumeo pengine hakukufikisha mwisho. Mpunga umeisha, tambuu imeisha, basi subiri siku chache, nimepanda kitunguu saumu! Neno lao hapo ni "sobur", ndiyo subira yetu hii hii, na kodi wanaiita "khajna", ndugu yake hazina. Siku nilipong'amua hayo nilicheka peke yangu ngazini.

Nyimbo fupi kama hizi huitwa "chhora". Mshairi wao Rabindranath Tagore alizikusanya miaka ya 1890, kabla hajapata Nobeli ya 1913, kutoka vinywani mwa wanawake waliokuwa wakilea. Utazisikia nyingine humo nyumbani. Iko ya kumwita mwezi ashuke amtie mtoto tone la paji la uso, na mwezi kwao ni mjomba, ndugu wa mama. Iko ya kuita mvua, nayo huahidiwa kupimiwa mpunga. Wakulima nao wana misemo ya Khana: panda migomba, usiyakate majani, humo mna nguo na humo mna wali. Huyo Khana, mwanamke mjuzi wa zamani, hadithi inasema, alikatwa ulimi kwa kumshinda baba mkwe wake elimu ya nyota. Mwombe mavyaa akusimulie, ila si mbele ya mumewe.

Kwa hiyo usimkataze. Wewe bibi yako alikulaza kwa zimwi, na ulilala fofofo.

Mwombe umrekodi, unitumie. Nataka kusikia kama anafika kwenye kitunguu saumu.

Baba yako