Vanishi sugu kwenye kitako cha bunduki, weka msasa pembeni kwanza

Mkuu umeuliza utoeje ile vanishi kwenye kitako cha shotgani ya marehemu mzee wako, kwamba msasa unateleza tu. Acha msasa! Hakikisha haina risasi, fungua kitako kitoke, halafu sehemu iliyojificha gusisha spiriti kwa pamba, vanishi ikilainika hiyo ni shelaki (vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti), isipolainika jaribu thina, nayo ikigoma basi huenda ni poliyurethini (vanishi ngumu ya plastiki) na hapo ni rimuva ya rangi tu, ile dawa ya kubandua rangi. Mi ya kwangu niliifanyia uani hapa Pasua, Moshi, mwezi wa saba, na baridi ile rimuva ikazubaa kabisa, ikabidi nipake nene nifunike na nailoni karibu lisaa ndo vanishi ikaanza kukunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Kwangua na kadi ya benki iliyoisha muda, sio kisu, na kwenye vile vichanjo vya kushikia (ile mistari iliyochongwa mkono usiteleze) tumia mswaki wa zamani maana msasa ukipita hapo umeua. Vaa glavu na fanyia nje, harufu yake si ya kuchezea. Mbao inapokutana na chuma usisugue kabisa, ukiipunguza chuma kinabaki kimetokeza na haifichiki tena. Vibonyeo weka kitambaa kibichi upitishe pasi ya moto, mvuke unainua mbao. Ukimaliza paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kiduchu kiduchu, ila matambara uliyopakia yatandaze yakauke, usiyarundike, huwa yanajiwasha moto yenyewe.