Ukianza kusoma seli ya neva, fuata ishara moja
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi au udaktari kwa kawaida huanza somo hili kwa kuchora. Nami nilichora mwili wa seli na kiini chake, dendriti (matawi yanayopokea ishara) zilizotawanyika kama mizizi, aksoni ndefu (uzi unaopeleka ishara mbali) na ala ya mayelini (tabaka la mafuta linaloufunika uzi huo), nikakariri kila jina. Lakini nilipoulizwa katika mtihani wa mdomo kwa nini mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi hasikii maumivu, nilikosa la kusema. Kwa hiyo nakushauri uchague seli moja tu, ile inayotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli ya mguu, ambayo aksoni yake huweza kufikia urefu wa mita 1, kisha uifuate ishara yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Anzia kwenye utando wa seli ukiwa umetulia, ambapo ndani ni hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Pampu iliyo kwenye utando hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kuwa pampu hiyo ndiyo inayoirudisha seli kwenye utulivu baada ya kila msukumo, yaani badiliko la ghafla la umeme ambalo ndilo ishara yenyewe. Sivyo. Msukumo hupanda milango ya sodiamu inapofunguka na sodiamu kuingia. Hushuka milango hiyo inapojifunga na potasiamu kutoka kupitia milango yake yenyewe. Pampu hutunza akiba tu, na kwa kuwa ioni zinazovuka kila mara ni chache mno, aksoni nene ambayo pampu yake imezuiwa bado hupitisha misukumo mingi. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walieleza mwenendo huu mwaka 1952 kwa kupima aksoni kubwa ya ngisi. Ukilishika hilo, ganzi haitakusumbua tena: lidokaini, dawa ya ganzi, huziba milango ya sodiamu, na msukumo hukwama hapo.

Mayelini haihitaji siku nyingi. Kumbuka kwamba ishara huruka kutoka kifundo (pengo dogo kwenye ala) hadi kifundo, hata kuzidi mita 100 kwa sekunde, ilhali nyuzi za maumivu zisizo na ala huenda kama mita 1. Ndiyo maana ukijikwaa, maumivu ya kuunguza huja nyuma ya yale makali ya kwanza.

Kwenye sinapsi, yaani pale neva inapokutana na misuli, tulia tena. Kalsiamu huingia kwenye ncha ya neva, vifuko humwaga asetilikolini (kemikali inayopeleka ishara kwa misuli), misuli hukaza, kisha kimeng'enya huivunja asetilikolini hiyo. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya hicho, na mgonjwa aliyevinywa huletwa akitokwa mate na jasho, mboni zimesinyaa, misuli ikitetemeka. Utaona akipewa atropini, dawa inayozuia baadhi ya vipokezi vya asetilikolini, na makohozi yakikauka, lakini misuli ikibaki dhaifu, kwa sababu vipokezi vya asetilikolini vilivyo kwenye misuli ya mifupa ni vya aina nyingine, ambayo atropini haiigusi.