Msimnyang'anye soda mwenye kisukari anayetetemeka

Mtu akishajua una kisukari, swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Kwani ulikuwa unapenda sana vitu vitamu?" Mimi nina aina ya kwanza, iliyonianza nikiwa sekondari. Kinga ya mwili yenyewe ilishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Soda na keki hazikuhusika. Aina ya pili, ambayo ndiyo wanayo wagonjwa wengi, inahusiana na uzito, umri, kutoshughulisha mwili na kurithi, na hata huko si haki kumwambia mgonjwa kajitakia. Wengine huuliza kama naambukiza, kama nitazaa, kama asali nayo ni sukari. Siambukizi. Wanawake wenye kisukari wanazaa, muhimu wawahi kliniki, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Na asali inapandisha sukari, tena vizuri tu.

Maswali hayo yanachosha, lakini hayamdhuru mtu. Kuna mawili yanayoua, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza ni imani kwamba mwenye kisukari haruhusiwi kugusa sukari hata iweje. Sisi tunaochoma insulini, na wanaomeza baadhi ya vidonge, sukari yetu inaweza kushuka ghafla. Ilinikuta harusini Morogoro, baada ya kushinda nimesimama napokea wageni. Jasho lilinitoka, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, maneno yakawa hayapangiki. Mashine yangu ya kupima sukari ilisoma 2.9, na chini ya 4 tayari imeshuka. Nikachukua soda mezani. Mama mmoja aliyekaa jirani akainyakua: "Mwanangu, si una sukari wewe? Unataka kujiua?" Alikuwa ananionea huruma kabisa. Nikashindwa hata kumjibu, kwa sababu sukari ikishuka ubongo nao unakosa chakula. Wifi yangu, anayejua hali yangu, ndiye aliyeirudisha akanishikia chupa nikanywa.

Basi shikeni hili. Mgonjwa akitokwa jasho, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haisaidii. Subirini dakika 15, mpime tena, na kama haijapanda rudieni. Ikishatulia, ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali.

La pili ni woga wa sindano. "Ukianza insulini ndiyo basi tena, inapofusha, inakata miguu." Nimeona watu wazima wenye aina ya pili wakikwepa kliniki kwa maneno haya ya ndugu. Kinachoharibu macho, figo na miguu ni sukari iliyokaa juu miaka mingi. Wengi huanzishiwa sindano wakati madhara yameshaingia, kisha lawama inaangukia dawa. Kwetu wa aina ya kwanza hakuna hata mjadala. Kabla ya mwaka 1922, mwaka ambao mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, kule Toronto, Kanada, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anasubiri kufa.

Ndiyo maana nikiletewa unga wa mlonge au maji ya bamia nashukuru, ila sindano naichoma. Kuombewa naombewa, naitikia amina, na sindano naichoma. Anayeiacha atapata kiu isiyokatika, atakojoa mno, atatapika, atahema kwa kasi na pumzi itanuka kama matunda yaliyoiva sana. Mara nyingi watu husema ni malaria. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na apimwe sukari.

Kwa mwenzangu uliyegundulika juzi: usijaribu kuelimisha mtaa mzima, utachoka. Chagua wale unaoshinda nao. Mimi nilimwonyesha wifi yangu mashine ilipo, nikamwachia ajipime mwenyewe kidole, akaona namba. Tangu hapo hajaniuliza kama ugali wa dona "unaruhusiwa". Anauliza napakuliwa kiasi gani, na hilo ndilo swali lenye maana, maana dona nayo ni wanga na ukijaza sahani sukari itapanda.

Kama mgonjwa ni mtoto wako, nenda shuleni mwenyewe. Zungumza na mwalimu wa darasa na mtoto anayekaa naye dawati moja. Waambie anaruhusiwa kula katikati ya kipindi, kunywa maji na kwenda chooni bila kuomba mara tatu, na kwamba glukosi iko mfuko wa mbele wa begi. Akijisikia vibaya asitumwe ofisini peke yake. Asindikizwe, baada ya kupewa hiyo glukosi.