Mbona wanapima damu, na ugonjwa uko kwenye ngozi?

SWALI: Daktari, nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, kwenye viwiko, magoti na kichwani. Nameza metotreksati mara moja kwa wiki. Kila nikienda kliniki natolewa damu, lakini hakuna aliyewahi kupima kama dawa imefika kwenye ngozi yenyewe. Kipimo hicho hakipo, au nafichwa?

JIBU: Hufichwi kitu, ndugu yangu. Hiyo damu wala haipimwi dawa. Inaangaliwa hali ya ini, figo na chembe za damu, maana huko ndiko metotreksati huweza kuleta madhara. Dawa yenyewe hupungua haraka kwenye damu, ila iliyoingia ndani ya seli hubadilishwa umbo ikanaswa humo, ikaendelea na kazi. Ndiyo sababu ya kuimeza mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa kupitiwa kunaweza kuua. Wagonjwa wangu wamechoka kunisikia nikilisema hili.

Kipimo cha ngozi kipo, ila ni cha watafiti. Unachomwa sindano ya ganzi, kisha kikata-ngozi cha mviringo, upana wa milimita 3 au 4, kinazungushwa hadi kitoe kinyama kidogo. Maabara inakisaga na kutafuta dawa ndani yake. Shida ni kwamba baka la soriasisi limejaa mishipa ya damu. Wewe mwenyewe umeona: ukibandua gamba, vitone vyekundu vinachomoza. Basi sehemu ya dawa inayopimwa imetoka kwenye damu iliyomo kwenye kinyama hicho. Kuna pia njia ya kubandika na kubandua utepe, lakini huo huchukua ngozi mfu ya juu. Unafaa zaidi kwa dawa za kupaka, wakati ya kumeza huifikia ngozi kutoka chini, kwa njia ya damu.

Na tukishapata namba, tuilinganishe na nini? Hakuna kiwango kilichokubaliwa cha metotreksati kwenye ngozi. Mimi natumia macho na vidole: wekundu, unene, magamba, na ukubwa wa eneo. Kiganja chako pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi ya mwili.

Ukifikisha wiki 16 kwa dozi kamili na viwiko viko vilevile, muulize daktari wako kuhusu sindano ya dawa hiyohiyo. Dozi ya vidonge ikipanda, utumbo huwa haufyonzi yote.